Betri ya risasi: anza na bamba hasi

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa uhandisi, ameniuliza kama aendelee na utafiti wa betri za risasi (ile metali nzito, pamoja na asidi) kwa magari ya umeme, maana msimamizi wake anamwambia anapoteza ujana. Swali hilo limenitonesha kidonda. Nami niliambiwa hayohayo mbele ya watu, na aliyesema hakuwa amegusa hata karatasi zangu. Juzi seti yetu ya betri za majaribio imemaliza mizunguko yote ya kuchaji na kutoa umeme tuliyoipangia, na tulipoifungua, mabamba hasi, yaani ya upande hasi wa betri, yalikuwa safi. Najivunia, na sifichi.

Wanaotudharau huanza na uzito. Ni kweli, risasi hutoa wati-saa 30 hadi 40 kwa kilo, ilhali betri za lithiamu hupita 150. Gari la safari ndefu waachie wao. Lakini La Jamais Contente, gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa, mwaka 1899, lilitumia risasi; EV1, gari la umeme la General Motors, nalo ilianza na risasi mwaka 1996. Na kwenye foklifti, gari la kuinulia mizigo, uzito huohuo ndio unaozuia gari lisipinduke.

Kinachoiua betri hii ni salfeti. Ikitoa umeme, salfeti ya risasi hujijenga kwenye mabamba, ikichajiwa, huondoka. Ikikaa muda mrefu bila kujaa, fuwele hukua na kukataa kuondoka, na katika gari linalorudisha umeme kila linapofunga breki, bamba hasi ndilo huumia zaidi. Kaboni kidogo kwenye rojo la bamba hilo husaidia sana. CSIRO, shirika la utafiti la Australia, ilikwenda mbali zaidi, ikaweka kapasita ya kaboni (kifaa kinachopokea na kutoa umeme haraka) ndani ya seli yenyewe, yaani kila chumba cha betri, na kuiita betri hiyo UltraBattery. Ila kaboni ikizidi, haidrojeni hutoka kwa wingi na maji hupungua. Kwa hiyo, mdogo wangu, kila ukibadilisha mchanganyiko, pima gesi.

Pima, pima tena. Usitegemee uwezo wa saa 20 ulioandikwa kwenye kasha, yaani unaopimwa betri ikiishishwa polepole kwa saa 20: gari huweza kuimaliza betri kwa saa moja, na mwanasayansi Mjerumani Peukert alishaonyesha mwaka 1897 kwamba ukiivuta kwa kasi hutoa kidogo. Pima kila seli, si seti nzima, kwa sababu seli dhaifu ikiisha mapema, wenzake huigeuza nguzo, chanya ikawa hasi, na kuiharibu. Vijana wengi wanataka kusifiwa kabla ya kupima. Usiwe mmoja wao. Mpelekee msimamizi wako grafu za seli moja moja. Akikataa kuzitazama, omba msimamizi mwingine, lakini utafiti usiuache.