Mbio za yadi 40 hazitoshi kumpima lainibeka
Ndugu, umeuliza kama lainibeka (mlinzi wa safu ya pili katika kandanda ya Kimarekani) wa chuo mwenye kasi ya ajabu achaguliwe mapema kwenye drafti ya NFL, ambapo timu za ligi hiyo ya Marekani huchagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi kwa raundi. Kwa maoni yangu, saa ya mbio iangaliwe mwisho. Isaiah Simmons, lainibeka wa Chuo Kikuu cha Clemson, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.39, Arizona Cardinals wakamchukua wa 8 mwaka 2020, lakini mwaka 2023 walimtoa kwa New York Giants wakabadilishana na chaguo la raundi ya saba tu, yaani ya mwisho, ilhali lainibeka Fred Warner, aliyesubiri hadi raundi ya tatu mwaka 2018, akawa nguzo ya ulinzi wa San Francisco 49ers. Tazama video za mechi: kwotabeka (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) anapojifanya kumkabidhi mkimbiaji mpira, je, kijana huyo anavamia mbele kwa pupa, au anatulia na kurudi kuziba njia ya pasi?