Suruali ya Kifuani Iliyonitoa Machozi Bwawani

Juzi baada ya magharibi nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Nachingwea. "Shikamoo dada. Nimeona picha ya mavuno yako ya mwatiko, umevaa ile suruali ya mpira mpaka kifuani. Mimi nina mabwawa mawili ya sato na kambale. Naomba unielekeze, ninunue ile nzito au ile nyepesi?"

Marahaba mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimejaza ukurasa. Nikaona bora niwaandikie wafugaji wote, maana najua sote tunataka jambo moja: kuvuna bila kuumia na kumfikisha samaki sokoni akiwa bado anang'aa.

Wauzaji wa mtandaoni wanaiita weda. Mimi nimezoea kusema suruali ya kifuani. Haipitishi maji, chini imeungana na buti, juu ina mikanda ya mabegani kama ovaroli. Hiyo mliyoiona kwenye picha ni yangu ya pili. Ya kwanza hamkuiona, na mpaka leo nikiikumbuka moyo unaniuma.

Bwawa langu liko pembeni mwa mikoko, upande wa ghuba ya Mikindani. Mwatiko, samaki wa maji ya chumvi ninayemfuga, ana tabia ya kuyafuata maji mapya. Ukifungua mlango wa bwawa bahari inapoanza kujaa, anakuja mwenyewe kuukabili mkondo. Kwa hiyo siku ya kuvuna tunapunguza maji wakati wa kupwa, kisha bamvua, yale maji makubwa ya bahari, ikianza kurudi tunafungua, samaki wanajazana kwenye mfereji wa mlangoni. Lazima mtu asimame humo ameushikilia wavu huku maji yanampanda kutoka mapajani kwenda kiunoni. Siku hiyo nilisimama mimi. Bwawa ni langu, mkopo wa kikundi ni wangu, sikutaka kumwachia mtu.

Suruali nilikuwa nimeinunua Dar es Salaam kwa muuza mitumba, shilingi laki moja na themanini. Ilikuwa na rangi ya manyasi makavu, nene, nzito mkononi. Muuzaji akaniapia kwamba hiyo ndiyo yenyewe, wazungu hawavai nyingine. Hapo alikuwa na ukweli kiasi. Baadaye nilielewa kwamba zile zimeshonwa kwa ajili ya wawindaji wa bata wa Marekani na Ulaya, watu wanaokaa kwenye matete alfajiri, wakati wa baridi, maji yanakaribia kuganda. Kitambaa chake ni neopreni ya milimita 5, kina vipovu vya hewa ndani ili kitunze joto la mwili. Mwindaji rangi ile inamficha na bata, na unene ule unamwokoa na baridi. Mimi nilikuwa Mtwara, Februari, joto la kaskazi limekolea.

Robo saa tu jasho lilikuwa linachuruzika mpaka kwenye soli, soksi zimelowa kabla bwawa halijaniingilia. Lakini lililoniangusha ni buti. Mimi navaa namba 39, zile zilikuwa 43. Nikajiambia nitavaa soksi mbili. Wanaolijua tope la mikokoni, lile jeusi linalonuka mayai viza, wanajua kwamba haliachii kitu. Nikinyanyua mguu, kisigino kinapanda ndani ya buti, buti lenyewe limebaki pale pale. Maji nayo yanaibana suruali mapajani kana kwamba mtu ameikumbatia. Nikageuka kuvuta wavu, mguu mmoja ukagoma, nikaketi majini. Maji yakaingia kwa juu, mgongoni, yakajaa.

Watu wengi wanaamini suruali ikijaa inakuzamisha kama jiwe. Sivyo. Maji ya ndani na ya nje uzito wake ni ule ule, ukiwa bado umo majini hayakuvuti chini. Hatari ni kuhangaika kwa hofu, na kazi ni kutoka. Ukianza kupanda kingo, kila lita ni kilo, na madumu mawili ya lita 20 tayari ni kilo 40 miguuni. Vijana watatu walinivuta kwa mikono na mkanda wa begani ukakatika. Wavu ulishalegea. Nilikaa juu ya tuta nikiwaona mwatiko wangu wakiruka na kupita mlangoni kurudi baharini walikotoka.

Mnunuzi alikuwa amekuja na maboksi yake ya barafu. Akapakia kidogo kilichobaki, akaniambia mbele ya watu, "Mama, kazi ya maji waachie wanaume." Sikumjibu. Nililia usiku.

Sasa ndugu zangu, nisikilizeni. Jambo la kwanza ni mguu. Usinunue suruali ya kifuani kwa urefu wako wala kwa unene wa kitambaa, nunua kwa buti. Vaa soksi utakazofanyia kazi, simama, nyanyua kisigino. Kikicheza, iache hata kama unapewa bure. Kisha chuchumaa mpaka chini, na panda ngazi au kiti kirefu. Kama inakuvuta mabegani ni fupi na itachanika mapajani. Kama imening'inia sana kwenye nyonga, itakutega unapovuka tuta. Soli iwe na meno marefu, laini inateleza kwenye tope.

Kitambaa kwa huku kwetu ni chepesi: nailoni iliyopakwa plastiki ya PVC. Ziko zinazopumua, yaani zinatoa jasho bila kuingiza maji, nzuri kweli, lakini bei yake bado ni kubwa kwa mfugaji mdogo. Neopreni waachie wa nchi za baridi.

Na mkanda wa kiunoni! Huu haupo kwa ajili ya mapambo. Ukikazwa vizuri juu ya suruali, hata ukianguka maji yanayoingia ni machache, na hewa iliyobaki chini inakusaidia. Mimi siku ile sikuwa nao kabisa. Suruali ikija bila mkanda, kata kamba pana ufunge, lakini usiingie bwawani hivi hivi. Narudia, usiingie.

Wa mikokoni kama mimi, angalieni mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mkoko. Inachomoza kwenye tope kama misumari, na tundu moja dogo linatosha kukuharibia siku. Usiku, zima taa, ingiza tochi ndani ya suruali, pitisha taratibu. Palipotoboka mwanga unachungulia kama nyota. Weka alama kwa kalamu, safisha, bandika kiraka kwa gundi ya PVC. Ukitoka kazini isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, itundike kivulini, buti juu.

Kijana wangu wa Nachingwea, wewe maji yako ni ya mtoni, basi kuna la ziada ambalo kwangu halipo: kichocho. Vijidudu vinatoka kwa konokono na kupenya ngozi, havihitaji kidonda. Suruali isiyovuja inakukinga miguu na kiuno, lakini ukizamisha mikono mitupu kutafuta kambale umejiachia wazi. Nunua na glovu ndefu. Na ukimwajiri mtu akuvutie kokoro, ule wavu wa kukokota, naye mvalishe. Nawaona wafugaji wenzangu, wenyewe juu ya tuta wamevaa viatu vikavu, kijana wa watu kiunoni majini na kaptula. Hilo halikubaliki. Ngozi yake na yako ni moja.

Mavuno yaliyopita nilisimama mlangoni tangu maji ya magoti mpaka ya kiuno. Buti namba 39, soksi moja, mkanda umekazwa. Tope lilivuta, mguu ukatoka pamoja na buti lake. Mnunuzi yule yule alikuja. Alihesabu, akalipa, safari hii akaniita bosi.

Umeuliza nzito au nyepesi. Nyepesi, mdogo wangu. Pima mguu jioni ukiwa umeshinda umesimama, maana huwa umetanuka kidogo, halafu nitumie namba ya buti nikutafutie hapa mjini.