Mubashara, moja kwa moja au laivu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu anauza madera TikTok. Kila usiku husimika simu yake na kutuambia tusipige kelele, "niko laivu". Kwenye runinga nasikia "mubashara", nasi shuleni tulifundishwa "moja kwa moja". Lipi sahihi? Na je, naweza kusema binti yangu "anarusha matangazo"? – Mama wa Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Yote matatu yanatumika na yanaeleweka, ila hayafanyi kazi moja.

"Moja kwa moja" ndilo kongwe, na utaeleweka nalo Kigoma hadi Lamu. Taabu yake ni kwamba lina shughuli nyingine nyingi. Njia hunyooka moja kwa moja, na mtu akihama asirudi tena, ameondoka moja kwa moja. Mtangazaji akisema "sasa tunakwenda moja kwa moja mpaka Dodoma", hujui kama tunaunganishwa na mwandishi aliyeko bungeni au ni basi lisilosimama Morogoro.

"Mubashara" halina utata huo. Limetoka kwenye Kiarabu, na vituo vya Kiarabu hadi leo huandika "mubashir" pembeni mwa kioo. Kwetu limekaa kama kielezi: "mechi itaoneshwa mubashara". Wapo wanaosema "mbashara". Sigombani nao, ingawa mimi huiacha ile "u" mahali pake. Ninachokataa ni "mubashara moja kwa moja", maana hapo umesema jambo lilelile mara mbili. Halafu kuna zile video za YouTube zenye kichwa MUBASHARA kwa herufi kubwa, ukizifungua unakuta mkutano wa juzi. Neno halina kosa: matangazo yakiisha, video hubaki na kichwa chake mpaka mwenye chaneli akibadilishe, naye mara nyingi habadilishi.

Tuje kwenye "laivu". Halikuanza na simu. Januari 2016, serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba TBC haitaonesha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, mjadala wa mtaani ulikuwa wa "Bunge laivu". Kipya ni namna binti yako na wenzake wanavyolitumia, na ukitaka kukiona, sikiliza vitenzi. Kituo hurusha matangazo (Kenya hupeperusha), na mtangazaji yuko hewani, hata kama siku hizi picha zake zimepita kwenye nyaya za chini ya bahari. Mwenye simu harushi. Yeye anaingia laivu, wateja wanaingia laivu yake, kisha wanatoka. "Ingieni laivu yangu saa tatu usiku, kuna mzigo mpya." Laivu imeshakuwa nomino ya ngeli ya I-ZI, laivu yake na laivu zake, tena nomino ya mahali, kama baraza: watu wanabisha hodi na mwenyeji anawakaribisha. Msikilize binti yako. Yuko katikati ya kueleza kitambaa, ghafla anakatisha: "Karibu mama Asha, nimeliona swali lako, la zambarau limebaki moja." Mtangazaji wa taarifa ya habari hawezi kufanya hivyo, kwa sababu hamuoni mama Asha. Ndiyo maana sijasikia mtu akisema "ingia mubashara yangu". Mubashara hueleza jinsi picha inavyotufikia, laivu ni pale tunapokutana.

Kwa hiyo usiseme binti yako anarusha matangazo. Yuko laivu, au anauza laivu, basi. Televisheni za mtandaoni zenye waandishi na ratiba, hizo zinarusha, hata kama kamera yao ni simu kama ya kwake.

Kuhusu uandishi: ukiandika Kiswahili, andika "laivu" kama inavyotamkwa. Kwenye barua rasmi na habari za gazeti chagua "mubashara", au "moja kwa moja" pale pasipo na utata. Tuseme mna harusi na ndugu walioko Muscat na Toronto hawatafika. Kwenye kadi andikeni: "Sherehe itarushwa mubashara YouTube kuanzia saa kumi jioni." Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo inatosha: "Ingieni laivu, bibi harusi anatoka!"