Sauti Nyembamba? Keti na Lata Kwanza

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa binti mmoja wa Malindi. Kajiunga na kikundi cha taarab, anapenda kuimba kupita kiasi, na kiongozi wake kamwambia sauti yake ni nyembamba, aridhike na kuitikia. "Dada, nifanyeje?" Nikacheka peke yangu, kicheko kisicho na furaha. Mimi niliambiwa hivyohivyo mbele ya kadamnasi, na mbu akatajwa.

Basi shoga yangu, na nyote mnaotaka siku moja kushika maikrofoni ukumbi mzima ukanyamaza (najua mnataka, msijifanye), jibu langu ni Lata Mangeshkar, yule mwimbaji wa Kihindi aliyewaimbia waigizaji wa filamu.

Lata alizaliwa Indore mwaka 1929. Baba yake, Deenanath, alikuwa mwimbaji na mwigizaji wa jukwaani. Alipofariki mwaka 1942, mzigo wa nyumba ukamwangukia Lata, kifungua mimba wa watoto watano, hata miaka 13 hajatimiza. Mtunzi Ghulam Haider alipompeleka kwa mtayarishaji mkubwa wa filamu, S. Mukherjee, bwana yule akasikiliza, akasema sauti hii nyembamba mno. Enzi zile waliotamba ni wenye sauti nzito, kina Shamshad Begum. Haider hakumsikiliza, akampa wimbo katika filamu ya Majboor, mwaka 1948. Mwaka uliofuata ikatoka Mahal, na ndani yake "Aayega Aanewala". Santuri yenyewe haikuwa na jina la Lata. Iliandikwa Kamini, jina la mhusika aliyeigizwa na Madhubala, na wasikilizaji wakaiandikia redio kuuliza: ni nani huyu?

Sauti nyembamba hiyo.

Mimi nimemjua kupitia kwa bibi yangu, Mji wa Kale, Mombasa. Ujanani mwake kulikuwa na maonyesho ya sinema ya wanawake peke yao, Mombasa na Unguja pia, na bibi hakuwa wa kukosa. Hakujua Kihindi, lakini alitoka mle na nyimbo nzima kichwani. Aliopenda zaidi ni "Ghar Aaya Mera Pardesi" wa filamu ya Awara, ya mwaka 1951, na akiuimba huku anachambua mchele ulikuwa huthubutu kumsemesha. Nimekuja kujua ukubwani kwamba sauti ya wimbo ule, yaani mahadhi yake, watunzi Shankar na Jaikishan waliitoa kwa Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, katika wimbo wake wa filamu wa miaka ya 1930. Kwa hiyo ilitoka Kairo, ikapita Bombay, ikatua jikoni kwetu. Na Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarab, je? Nyimbo ngapi za Kihindi alizichukua sauti zake akazitilia mashairi yetu, na Mombasa nzima ikazililia? Anayekwambia hizi si zetu hajaijua taarab.

Huyo aliyenifananisha na mbu simtaji. Alinikalisha nyuma na waitikiaji, nikakaa. Miaka iliyofuata haina la kusimulia. Mpaka ikafika siku ya kupamba moja, hapa hapa Mombasa, mama wa bibi harusi akaomba "Lag Ja Gale", wimbo wa Woh Kaun Thi?, filamu ya mwaka 1964, uliotungwa na Madan Mohan. Mbele pale kila mmoja alijua mstari wa kwanza tu, kisha la la la. Nikainuka. Nimeuimba wote, mpaka ubeti wa mwisho, na sijawahi kutuzwa vile. Noti zilinijaa hadi kwenye mtandio. Yule bwana siku hizi ndiye anayenipigia simu. Napokea nikijisikia.

Sasa kazi. Usianze na "Lag Ja Gale", hata kama ndio unaoupenda. Unaanza chini kwa upole, unakudanganya, kisha beti zinapanda na wewe pumzi huna. Anza na "Ajeeb Dastan Hai Yeh", ule Meena Kumari anaouigiza mashuani kwa sauti ya Lata katika filamu ya Dil Apna Aur Preet Parai, mwaka 1960. Mwendo wake ni wa kutembea na misitari yake ina pa kupumulia. Sikiliza Lata anavuta pumzi wapi. Hutasikia! Mwenyewe alieleza kwamba mtunzi Anil Biswas ndiye aliyemfunza kuificha pumzi mbele ya maikrofoni. Kwa hiyo ilifundishwa, ikasomwa, hakuzaliwa nayo. Rudia. Ukichoka, rudia.

La pili ni matamshi. Lata alipokuwa bado mgeni, mwigizaji Dilip Kumar alimkejeli kwamba Kiurdu cha Wamarathi, watu wa kwao Lata, kinanuka wali na dengu. Akaumia, kisha akatafuta maulana wa kumsomesha Kiurdu. Sisi tuliopita madrasa kh na gh tunazo tayari, hapo tuko mbele. Tatizo letu ni mwisho wa neno: tunaimba "dili" na "pyara", kana kwamba kila neno lazima limalizike kwa irabu. Funga neno. Wahindi wa Mombasa waliokuwa ukumbini siku ile walikuja kuniuliza nimesomea wapi, nami sijasomea popote.

Na punguza mwangwi kwenye spika, tafadhali. Kwa "Aayega Aanewala" Lata alianza kuimba akiwa mbali na maikrofoni, akaisogelea hatua kwa hatua, ndipo ukasikika ule umbali. Wewe una kitufe, unakizungusha hadi mwisho, maneno yote yanalowa.

Lakini ninalotaka mlishike zaidi ni pesa na heshima. Filamu ya Chori Chori ilipompa Jaikishan na mwenzake Shankar tuzo ya Filmfare, ile ya filamu za Kihindi, Lata aliombwa auimbe "Rasik Balma" siku ya sherehe. Akakataa: tuzo za waimbaji hamna, basi waimbe watunzi wenyewe. Tuzo ya waimbaji ikaanzishwa mwaka 1959, na wa kwanza kuipata ni yeye, kwa "Aaja Re Pardesi". Akagombana hata na Mohammed Rafi, mwimbaji mkubwa mwenzake, juu ya mrabaha, wakakaa miaka bila kuimba pamoja. Rafi! Kisha wewe unaogopa kumwambia shangazi wa bwana harusi bei yako?

Patana kabla ya siku, upokee nusu mkononi. Usikubali "tutakutuza ukumbini", maana kutuzwa ni hiari ya mtu na nauli si hiari. Wakikwambia ghali, waambie kwa adabu kwamba Lata mwenyewe yumo kwenye simu zao, wamwunganishe na spika, na wewe utakuja kula biriani kama wageni wengine.