Mzee akilazwa: maswali yenu ya wiki hii

*Mama ana miaka 78. Tulimlaza kwa homa, usiku wa pili akaanza kuweweseka na kuniita jina la shangazi aliyekwisha kufa. Nesi akasema ni uzee tu. (Newala)*

Uzee hauingii kwa usiku mmoja. Mzee aliyekuwa na akili zake juzi na leo amepotea ana jambo la kutafutwa: maambukizi ya kifua au mkojo, kupungukiwa maji, sukari kushuka, mkojo kuziba, hata dawa aliyoanzishwa. Hali hii huja na kuondoka, kwa hiyo daktari wa raundi ya asubuhi anaweza kumkuta mzima kabisa. Waelezeni wazi: "Wiki iliyopita alihesabu mwenyewe hela zake za korosho, haya yameanza jana usiku." Akae naye mtu anayemfahamu, avae miwani yake. Na kama Kiswahili kimemtoka amebaki na Kimakonde, mfasirieni. Muuguzi aliyepangiwa kazi huku kutoka Bukoba atajuaje kama anaropoka au anaomba maji?

*Babu ana miaka 70, akaambiwa alipe. Si bure kwa wazee? (Lindi mjini)*

Msamaha ni wa wasiojiweza waliofikisha miaka 60, si wa kila mwenye mvi. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na kitambulisho cha mzee kama anacho. Kupishwa kwenye foleni ni suala jingine. Huko kipato hakiulizwi.

*Mimi ni muuguzi. Usiku tuko wawili, wodi imejaa, ndugu wanatuita wakali. Mnatuonea. (Masasi)*

Kwa idadi, hatubishani. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi asipate vidonda, na mikono minne haitoshi, wafundisheni ndugu. Ila kumwamkia bibi "shikamoo" kisha ukamuuliza mwanawe "anaumwa wapi?" ilhali bibi yupo, anasikia, hilo halisababishwi na uchache wenu. Wala kumfunga nepi mzee anayeweza kwenda chooni akishikwa mkono.

*Nikilalamika, baba hataandamwa? (Mikindani)*

Woga huo nauelewa. Anza kwa muuguzi mfawidhi wa wodi, faragha, ukitaja tarehe na zamu. Ikishindikana, mganga mfawidhi. Matusi au kipigo yapeleke kwa maandishi Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, hata baba akiwa ameruhusiwa.