Tukipewa fomu ya fidia, tusaini?

SWALI: Shikamoo mama. Sisi ni Waogiek wa msitu wa Mau, upande wa Narok. Novemba 2023 nyumba yetu ilibomolewa, mahindi yakabaki shambani. Tumejibanza kwa shemeji. Juzi amekuja mtu na fomu: kila mwenye boma asaini, apewe hela kidogo akatafute ploti kwingine. Hatuna hati miliki. Tuna kaburi la nyanya na mizinga ya nyuki ya baba juu ya mierezi. Je, tuna haki yoyote? – Msomaji, Narok

JIBU: Marahaba binti yangu, na poleni sana. Haki mnayo. Usisaini, na baba naye asisaini.

Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwafukuza Mau. Serikali ilidai msitu lazima ulindwe. Mahakama ikaona uharibifu wa msitu hauwezi kubebeshwa ninyi. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru mlipwe shilingi 157,850,000 za Kenya, na, lililo kubwa zaidi machoni pangu, ardhi yenu ipimwe na hati itolewe kwa jamii nzima. Hata mwaka na nusu haujaisha, mkabomolewa tena. Linaniuma mno.

Sasa hiyo fomu. Nimefanya kazi masijala ya ardhi. Karatasi kama hiyo ikishaingia kwenye faili, miaka kumi baadaye wakili ataifungua aseme mlihama kwa hiari. Tena fidia ya Arusha iliamriwa ipitie mfuko wa maendeleo wa jamii. Haizungushwi boma kwa boma na mtu mwenye kalamu. Na Katiba yetu, kifungu cha 63, inaihesabu ardhi ya jadi ya jamii za wawindaji kama ninyi kuwa ardhi ya jamii, hati iwepo isiwepo.

Ipige picha hiyo fomu pande zote mbili, uipeleke kwa baraza la wazee wa Waogiek. Kisha kaa na baba, umrekodi kwa simu: kila mzinga uko mti gani, karibu na kijito kipi, aliurithi kwa nani, ukoo gani unapakana nanyi. Kaburi la nyanya mlitaje na alama zake. Fanya wiki hii akiwa na nguvu, na nakala moja aiweke ndugu anayeishi nje ya Narok.