Makabila yote, dini zote, bweni moja: maneno kwa walezi wa shule za bweni

Kila Julai shule za bweni za kidato cha tano hupokea watoto kutoka pembe zote za nchi, waliopangwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Msichana wa Newala anapewa kitanda cha juu, wa Karagwe analala cha chini, na jirani yao ni binti wa Kimasai kutoka Ngorongoro aliyemaliza kidato cha nne huko huko wilayani kwao. Nimefundisha na kulea mabweni ya namna hii kwa miaka mingi. Nawaandikia walimu wenzangu, hasa mnaokabidhiwa umatroni na upatroni kwa mara ya kwanza, kwa sababu naona tunamwaga nguvu nyingi pasipo na faida. Tunaandaa siku ya utamaduni, watoto wanacheza sindimba na bugobogobo, mgeni rasmi anapiga makofi. Jumatatu yake mtoto anayechanganya r na l anasimama kusoma kwa sauti, darasa zima linaangua kicheko, na mwalimu naye anacheka.

Mimi sipingi ngoma. Ninachosema ni kwamba mtoto anajifunza thamani yake shuleni kutokana na mambo ya kila siku: amelazwa karibu na nani, chakula chake kimefikiriwa au la, nani anatumwa maji, jina lake linatamkwaje mstarini. Mlezi akiyapanga hayo vizuri, hotuba inakuwa na pa kushikia. Asipoyapanga, hotuba haimsaidii mtu.

Kuchanganya watoto hakukuanza jana. Zamani sekondari nyingi zilikuwa za misheni, na mtoto wa Kiislamu alipata nafasi kwa shida. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule hizo chini ya serikali, zikafunguliwa kwa watoto wa dini zote. Wengi wa wazazi na babu zetu walikutana na Mtanzania wa upande mwingine wa nchi kwa mara ya kwanza bwenini, wakagawana ndoo na sabuni, na baadhi yao wakaja kuoana. Kazi hiyo tumerithishwa sisi.

Anza na vitanda. Panga orodha kabla watoto hawajafika, na usiwaache wachague. Ukiwaachia, kabla wiki haijaisha chumba kimoja kitakuwa cha Wahaya, kingine cha Wachaga, na kona ya nyuma itabaki kwa waliokosa wenzao. Hawafanyi hivyo kwa chuki, mtu akiwa mgeni hutafuta sauti anayoijua. Ubaya wake unaonekana siku sabuni au pesa ya matumizi inapopotea, kwa maana kidole kitaelekezwa kwenye chumba kizima: "ni wale." Kwa hiyo weka kanuni mbili tangu siku ya kwanza. Vitanda vinapangwa upya kila muhula. Na anayeleta shauri la wizi anataja mtu, kitu na saa. Akianza na kabila, arudi akajipange upya ndipo asikilizwe.

Sasa nije kwenye utani wa makabila, ile desturi ya makabila mawili kutaniana bila kukasirikiana, maana hapa ndipo walezi wengi wanapokwama. Mtoto analia kwamba ametukanwa, aliyemtukana anasema, "Mwalimu, huyu ni mtani wangu." Na huenda ni kweli. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19 na leo wanataniana hadharani. Wanyamwezi waliokuwa wakishuka pwani na misafara walijenga utani na Wazaramo. Ni moja ya mambo mazuri kabisa tuliyonayo nchini, na sitaki mwalimu yeyote aupige marufuku kwa kuogopa kelele.

Lakini utani una masharti, na ni wajibu wetu kuwafundisha vijana ambao wameokota maneno makali tu wakaacha yaliyobaki. Sharti la kwanza, unakwenda pande zote mbili: ninayekutania ana haki ya kunijibu vilevile, leo na kesho. Darasani wakiwa Wasukuma thelathini na Mmakonde mmoja, wote thelathini wakamwandama yeye kuanzia asubuhi hadi jioni, hapo hakuna utani. Sharti la pili, utani una deni. Mtani anayekucheka ndiye anayefika msibani kwako kusaidia kuchimba kaburi, kupika, kubeba maji, na kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke katikati ya machozi. Nimeona watani wakizuia jeneza lisitoke mpaka walipwe chochote, na mjane akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Asiye tayari kukubebea maji siku unaumwa malaria hana kibali cha kukuita mla mbwa. Sharti la tatu, maumbile ya mtu, umaskini wa kwao na ugonjwa wake havimo.

Ninachofanya ni kuwaita wote wawili na kuuliza maswali ya wazi. Mara ya mwisho yeye alikutania lini, ukacheka? Umemsaidia nini muhula huu? Anayesingizia utani hukosa jibu haraka sana. Watani wa kweli huanza kusimulia, na shauri linaisha kwa vicheko. Mwalimu wa historia au uraia akitenga vipindi viwili kueleza chanzo cha utani wa makabila yaliyomo darasani, na kuwatuma watoto wakawaulize wazee likizo, kazi ya mlezi inapungua nusu.

Dini inahitaji kalenda kuliko mahubiri. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani, ila uhuru huo unakwama kwenye mambo madogo: usafi wa jumla umewekwa Jumamosi asubuhi na Wasabato wanaandikwa watoro, au jaribio limepangwa Ijumaa saa saba mchana. Kaa na mwalimu wa taaluma kabla muhula haujaanza, mkiwa na viongozi wa vyama vya dini vya wanafunzi mezani pamoja: UKWATA, TYCS na CASFETA vya Wakristo, na TAMSYA cha Waislamu. Wasabato wapewe eneo lao la usafi Ijumaa alasiri au Jumapili, na liwe na ukubwa ule ule, ili asitokee wa kusema wamependelewa. Ramadhani jiko lijue idadi ya wanaofunga mapema, uji wa futari uive kwa wakati, daku lisiwe ugali wa jana uliopoa. Nyama ichinjwe kwa utaratibu ambao Waislamu wote wanaweza kuila. Hili la kuchinja lisichukuliwe kirahisi. Mwaka 2013 mkoani Geita ugomvi wake ulifika hadi kumwaga damu. Shuleni linamalizwa na mpishi mkuu na karatasi moja ya makubaliano iliyobandikwa ukutani.

Nimeona jambo jingine jema likitokea baada ya utaratibu kukaa sawa: watoto wanaanza kulindana wenyewe. Wakristo wanachukua zamu ya kuosha vyombo jioni za Ramadhani ili wenzao wafuturu kwa utulivu, na Krismasi ikikuta kambi ya masomo Waislamu wanaingia jikoni. Sijawahi kumwagiza mtu afanye hivyo.

Kuna watoto ambao kanuni ya jumla haiwatoshi. Mwanafunzi mwenye ualbino akikaa nyuma haoni ubaoni, na miwani peke yake mara nyingi haimalizi tatizo. Mweke mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, mpe nakala ya notsi, na mwandikishe mapema apate mtihani wa maandishi makubwa. Mwondoe kwenye kufyeka saa sita ya jua, umpe kazi nyingine yenye uzito ule ule ndani ya kivuli. Kofia pana na mikono mirefu viruhusiwe kama sehemu ya sare. Mafuta ya kuzuia jua yanatengenezwa hapa hapa nchini, hospitali ya KCMC Moshi, kwa hiyo ulizia hospitali ya wilaya au chama cha watu wenye ualbino. Neno "zeruzeru" lisisikike shuleni hata kwa mzaha. Watoto hawa wamekulia katika nchi ambayo wenzao waliuawa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa, na hofu hiyo wanalala nayo.

Binti aliyejifungua naye anarudi sasa kwa haki, tangu waraka wa elimu wa Novemba 2021. Waraka umemfungulia geti tu. Ndani ya geti anakutana na macho yetu, na nasikitika kusema kwamba maneno ya kumkatisha tamaa mara nyingi yanatoka ofisi ya walimu kabla ya bwenini. Asitajwe mstarini kama fundisho kwa wengine. Apewe mwalimu mmoja wa kumweleza siku mtoto wake anapoumwa, basi.

Na wasichana wote kwa jumla: angalia nani anawapelekea wageni chai, nani anafagia ofisi, nani anachotea walimu maji. Kama ni wasichana peke yao, wavulana wanajifunza somo lisilo kwenye mtaala wowote. Weka zamu kwa namba ya daftari la mahudhurio. Mvulana wa kidato cha sita anaweza kuosha vikombe, na msichana anaweza kushika panga la kufyekea.

Lililo gumu kuliko yote ni sisi wenyewe. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumbagua mtu kwa kabila, mahali alipotoka, dini, jinsia au hali yake ya maisha, lakini nimekaa kwenye vikao vya matokeo nikasikia mtu mzima akisema watoto wa mkoa fulani ni wazito wa kuelewa. Wanafunzi hawakuwemo chumbani, ila waliyajua kabla ya chakula cha jioni, kwa sababu kauli ya mwalimu hufika mpaka kwenye alama anazotoa na watoto anaowachagua kuwa viranja. Mkuu wa shule alifanye hili kuwa ajenda ya kikao cha kufungua muhula, likaandikwe kwenye muhtasari, na kila mwalimu alete orodha ya viranja aliowapendekeza ikionyesha jinsia na mkoa wa kila mmoja. Orodha ikionekana imeegemea upande mmoja, ijadiliwe hapo hapo kabla ya majina kusomwa mstarini.